Amri imepita, lakini imegusa rekodi ngapi?

Amri ya UPDATE ikipita bila kosa, bado hujajua kama kuna kilichobadilika. Ukiweka kwenye WHERE namba ya mteja asiyekuwepo, kanzidata hailalamiki: inatafuta, inakosa, inajibu kwamba kazi imekwisha. Mtumiaji anaoneshwa "Taarifa zimehifadhiwa", kumbe hakuna kilichohifadhiwa. Ukisahau WHERE, jedwali zima linabadilika, na hapo pia hakuna kosa. Kinachotenganisha hali hizi ni idadi ya rekodi zilizoguswa, na kwa kawaida idadi hiyo huja pamoja na jibu la INSERT, UPDATE au DELETE.

Usiitafute kwa SELECT COUNT baada ya amri. Utaisumbua kanzidata mara mbili, na katikati ya amri hizo mtu mwingine anaweza kuwa amebadilisha data. Chukua iliyokuja na jibu:

- Java (JDBC): executeUpdate() hurudisha idadi. Kwa idadi kubwa kupita int, kuna executeLargeUpdate() tangu Java 8, ikiwa draiva yako inaikubali.
- Python: soma cursor.rowcount baada ya execute().
- PHP: rowCount() kwenye PDO, au affected_rows kwenye mysqli.
- C#: ExecuteNonQuery() hurudisha idadi.
- Go: Exec() hurudisha tokeo, liulize RowsAffected().

Faida yake huonekana pale watu wanapogombea kitu kimoja. Tuseme dukani imebaki simu moja:

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE id = 7 AND idadi > 0

Wateja wawili wakibonyeza "Nunua" kwa pamoja, kanzidata humshughulikia mmoja kwanza. Wa kwanza anapata 1: ameuziwa. Wa pili anapata 0, nawe unamwambia bidhaa imekwisha. Hukuhitaji kusoma idadi kwanza ndipo uipunguze; utaratibu huo wa kusoma kwanza ndio hufanya programu nyingi ziuze kitu kimoja mara mbili.

Kabla ya kuiamini namba hiyo, jua kanzidata yako inahesabu nini.

MySQL kwa kawaida huhesabu rekodi zilizobadilika kweli, si zilizolingana na sharti. Mteja akihifadhi anwani ile ile aliyokuwa nayo, jibu ni 0. Ukitafsiri 0 kuwa "mteja hayupo", umemkosea. Chaguo la CLIENT_FOUND_ROWS hugeuza hesabu iwe ya zilizolingana. Draiva ya Java, Connector/J, huliwasha bila kuombwa. PDO ya PHP haifanyi hivyo. Ndiyo maana programu mbili zinazotumia kanzidata moja zinaweza kupata majibu tofauti kwa amri ile ile. Tena, kwenye INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE, rekodi mpya huhesabiwa 1 na iliyobadilishwa huhesabiwa 2.

Kwenye SQL Server, SET NOCOUNT ON huzima hesabu, na ExecuteNonQuery() hurudisha -1. Python nayo hutumia -1 idadi isipojulikana. Kwa hiyo usiandike "if cursor.rowcount:", kwa sababu -1 huhesabiwa kuwa kweli; andika "if cursor.rowcount == 1:".

SQLite haijumuishi rekodi zilizofutwa na triga au na funguo za kigeni zenye CASCADE. Ukifuta mteja mmoja na oda zake kumi zikaondoka naye, utaambiwa 1. Na kwa SELECT, usitegemee rowCount() ya PDO. Zipo kanzidata zisizotoa idadi hapo.

Kwa amri nzito, anzisha muamala, endesha amri, linganisha idadi na uliyotarajia, kisha ndipo uite COMMIT. Ikizidi, ita ROLLBACK. Kwenye JDBC zima kwanza autocommit kwa setAutoCommit(false). Ikibaki imewashwa, mabadiliko yatakuwa yameshahifadhiwa kabla hujaitazama namba.

Kwa hiyo, kila unapoandika UPDATE au DELETE, amua papo hapo idadi unayoitarajia, na uandike programu ifanye nini ikipata pungufu au zaidi.