Dondoo muhimu: Kazi ya kwanza ya kufundisha lugha ughaibuni

Kijana wa Tongoni, Tanga, mwenye shahada na ndoto ya kufundisha Kiingereza Japani, anza na haya:

• Soma masharti ya viza. Viza ya ualimu Japani kwa kawaida humtaka mwalimu wa lugha ya kigeni awe amesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12. Uliyesoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, hesabu haitimii.

• Uza ulicho nacho: Kiswahili. Lugha hii husomeshwa Chuo Kikuu cha Osaka, huko huko Japani. Mpango wa Fulbright FLTA nao hupeleka walimu vijana kukifundisha kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo.

• Kuzungumza Kiswahili si kukifundisha. Mwanafunzi atakuuliza kwa nini kitabu ni kizuri lakini nyumba ni nzuri. Jifunze kueleza ngeli. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) huendesha mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni.

• Anzia nyumbani. Wageni wanaokuja kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale hapo Tongoni wafundishe salamu, bei na safari. Anayekaa wiki kadhaa Tanga mfundishe kwa mpango, kisha umwombe barua ya kukutambulisha.

• Jihadhari na madalali. Anayedai ada kabla ya kukuonyesha mkataba, muulizie kwanza TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira.

Pasipoti na vyeti viandae leo. Nafasi ikitangazwa, haimsubiri anayekimbizana na mihuri.