Mabaka Yasiyowasha: Homa ya Baridi Yabisi kwenye Ngozi Yetu

Tuseme mwenzako wa chumba karudi chuoni, kavuka na kivuko cha Kamanga akitokea Sengerema. Ana homa. Juzi kifundo cha mguu kilivimba, leo ni goti. Kapima malaria, hana. Ukimdadisi anakumbuka kwamba wiki 3 zilizopita koo lilimuuma sana, likapona lenyewe. Hapo fikiria homa ya baridi yabisi.

Huanzia kooni kwa bakteria wa streptokokasi kundi A. Kinga ya mwili ikipambana nao hukosea, ikashambulia maungio, ngozi, ubongo na moyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, lakini nasi tumo, hasa aliyewahi kuugua utotoni.

Kwenye ngozi kuna dalili 2. Ya kwanza ni mabaka ya mviringo yenye ukingo ulioinuka kidogo, katikati pamefifia. Hutokea kiwiliwili, mikononi na mapajani, si usoni. Hayawashi wala hayaumi, na yanaweza kutoweka baada ya saa chache. Vitabu husema ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu. Angalia kwenye mwanga mzuri, tafuta ukingo. Choa huwasha, na hukaa palepale kwa siku nyingi.

Ya pili ni vinundu vigumu chini ya ngozi, visivyouma, kwenye viwiko, magoti, vifundo vya vidole au kisogoni. Ukiviona, moyo mara nyingi umeshaguswa.

Zote 2 zimo katika vigezo vya Jones vya mwaka 1944, vilivyorekebishwa 2015. Ila ni wagonjwa wachache wanaozipata. Kwa hiyo ngozi safi isikutulize.

Usikimbilie diklofenaki ya duka la dawa; maumivu yatatulia na daktari atakosa ushahidi. Nenda hospitali, lieleze lile koo, uliza kipimo cha eko cha moyo. Kinga ni sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka. Utafiti wa kaskazini mwa Uganda uliotolewa 2021 ulifuatilia watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa, na 0.8 tu ya waliochomwa.

Goti hupoa bila kuacha alama. Vali ya moyo ikishaharibika, hairudi.