Kabla Mama Hajachukua Mkopo

Dada, mimi ni msichana wa miaka 24, napiga picha hapa Tanga: pasipoti, mahafali ya shule, kichen pati na sendofu. Kamera yangu ni Canon 700D ya mtumba, na lenzi niliyonayo ni ileile iliyokuja nayo, 18-55. Mwezi uliopita nilipiga sendofu ukumbini usiku. Picha za nje, jioni, zilitoka nzuri. Za ukumbini ni giza na nyingi zimetikisika. Shangazi wa bibi harusi amegoma kunimalizia pesa na amenisema mbele za watu. Wapiga picha wenzangu wanasema nibadilishe kamera, hii ni ya wanafunzi. Nimepata mtu anauza Canon 6D, bodi peke yake, milioni moja na laki nane, na ananihakikishia lenzi yangu itaingia. Nina akiba ya laki sita. Mama yuko tayari kuchukua mkopo kwenye kikoba chake anijazie. Binamu yangu naye anasema hela hiyo ninunue lenzi ndefu, niende Saadani kupiga wanyama niwauzie watalii. Kikoba kinakaa Jumapili. Silali, dada. Nimeambatanisha picha tatu uzione.
Mwenye mawazo, Tanga

Pole, mdogo wangu, kwa kusemwa mbele za watu. Hilo linauma kuliko hata pesa yenyewe.

Nianze na Jumapili, maana ndiyo iliyo karibu. Mwambie mama asichukue mkopo. Si kwa sababu kazi yako haistahili, wala 6D si kamera mbaya. Ni kwa sababu lenzi yako haitaingia. 18-55 yako ni ya aina ambayo Canon huiita EF-S, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera zenye kihisi kidogo kama 700D. 6D ni ful fremu, yaani ya kihisi kikubwa, na inapokea lenzi za EF tu. Usinisadiki mimi, itazame kamera yako mwenyewe: itoe lenzi, angalia pale inapofungwa. Utaona alama mbili, nukta nyekundu na mraba mdogo mweupe. Lenzi yako inakaa kwenye ule mraba mweupe. Sasa nenda kwa huyo muuzaji uiangalie 6D: utakuta nukta nyekundu peke yake. Nyuma ya lenzi za EF-S huzama ndani zaidi ya kawaida, na kioo kikubwa cha ful fremu kingeigonga kila kinapopanda. Yawezekana muuzaji hajui. Lakini wewe ungerudi nyumbani na bodi isiyoweza kupiga picha hata moja, na mama akiwa na marejesho ya kila wiki.

Sasa tuzitazame picha zako. Faili la picha huhifadhi namna ilivyopigwa, nami nimeyasoma matatu yote. Ile ya bibi harusi anaingia akicheza: umepiga kwa 1/15 ya sekunde, tundu la lenzi f/5.6, ISO 800. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtu anayecheza, ukiiacha kamera wazi kwa 1/15 ya sekunde, ameshasogea. Hakuna kamera duniani, ya wanafunzi au ya wakubwa, itakayomgandisha kwa mwendo huo. Anataka 1/125 au zaidi. Kamera ilishuka mpaka 1/15 kwa kuwa ilikosa mwanga, na ilikosa mwanga kwa sababu lenzi yako, ukiivuta hadi 55, haiwezi kufungua tundu zaidi ya f/5.6.

Hesabu yake ni hii, na naomba uifuate polepole kwa sababu ndiyo itakayokuokolea fedha miaka yote. Namba ya f ikipungua, tundu linapanuka. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ule unaoingizwa na f/5.6. Mara 10! Kihisi cha 6D, chenye milimita 36 kwa 24, kina eneo kama mara 2.6 ya kihisi chako. Hiyo ni faida ya kweli, inapunguza chenga, zile punje za picha za usiku, sikatai. Lakini ukipima pembeni ya mara 10, unaona mwenyewe ukumbi ule ulikuwa unadai nini. Chukua 700D yako hiyohiyo, weka 50 ya f/1.8, pandisha ISO hadi 3200, shata iwe 1/160. Bibi harusi yuleyule, taa zilezile: picha inatoka angavu zaidi ya ile uliyonitumia, zaidi ya mara tatu, na mtu hajatikisika. Chenga zitakuwepo, kiasi. Picha yenye chenga na uso ulio wazi familia wataitundika ukutani. Iliyotikisika hivyo hakuna programu itakayoirudisha sawasawa.

Canon walitoa 50 ya aina hiyo mwaka 2015, yenye alama STM. Ni miongoni mwa lenzi zao za bei nafuu kabisa. Ulizia kwenye maduka zaidi ya moja, mpya na ya mtumba, kwa akiba yako utaipata bila kumgusa mama. Na hii ni ya EF, ya nukta nyekundu. Inakaa kwenye 700D leo, ingekaa kwenye 6D kesho, na hata zile kamera za Canon zisizo na kioo zenye mdomo mpya ulioanza na EOS R mwaka 2018 zinaipokea kwa adapta na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Bodi utazibadilisha kila baada ya miaka. Lenzi nzuri inahama nawe.

Ina masharti yake, usije ukaninung'unikia. Kwenye kihisi chako, 50 inaona kama 80 ingeonavyo kwenye ful fremu, yaani inabana. Kwa uso wa mtu na kwa maharusi wawili ni tamu sana: pua inabaki na ukubwa wake, nyuma panafifia. Lakini wajomba kumi na wawili kwenye kibaraza hawataenea. Isitoshe, kwa f/1.8 sehemu inayokuwa kali ni nyembamba mno, macho yanaweza kuwa makali na masikio yamefifia; watu wakijipanga mistari miwili, wa nyuma wamekwisha. Kwa makundi rudi kwenye 18-55 yako, f/5.6 au f/8, na mwanga uulete mwenyewe kwa fleshi.

Fleshi basi ndiyo ya pili kwenye orodha, na kwa kazi zako naiweka mbele ya bodi yoyote. Chukua ile inayopachikwa juu ya kamera na yenye kichwa kinachogeuka. Usimwelekezee mtu usoni. Igeuze kwenye dari nyeupe, au ukuta mweupe ulio ubavuni, mwanga urudi ukiwa mpana na laini. Hapa kumbi zetu zina mtego wake: wapambaji hufunika dari yote kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, na kitambaa cha zambarau kitakurudishia nyuso za zambarau. Dari ya makuti ndiyo kabisa, inameza mwanga. Kwa hiyo ufike ukumbini kabla ya wageni, utazame juu, ujue ni kona ipi yenye ukuta mtupu mweupe, na makundi yapigwe hapo. Mwambie mshereheshaji mapema awaelekeze watu kona hiyo.

Kuna jambo jingine nimeliona kwenye picha ya pili, ambalo lenzi haitalitibu. Bibi harusi gauni jeupe, pembeni yake mama zake weusi wazuri wa Tanga, na nyuso zote zimezama. Kipima mwanga cha kamera hakijui ngozi wala gauni. Kinachukulia kwamba kila kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na wa kwanza kupotea ni nyuso zetu. Pima usoni. Weka kipimo kwenye nukta moja ya katikati, uielekeze kwenye shavu, au ongeza mwanga kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa hadi uso uonekane kama unavyouona kwa macho yako. Na piga kwa faili la RAW, siyo JPEG peke yake, maana RAW inabeba maelezo mengi zaidi pale utakapotaka kuinua kivuli. Jambo hili limewaharibia watu weusi picha zao miaka mingi, na linaniudhi kulikuta bado linatokea mikononi mwetu wenyewe wakati dawa yake ni kugeuza kitufe.

Binamu yako anakutakia mema, lakini anapanga kazi ambayo huna. Hujaniandikia kwamba kuna mtalii aliyekuomba picha ya nyati. Waliokuomba ni wazazi wa mahafali na akina mama wa kichen pati. Hao ndio wanaokulisha, basi vifaa vinunuliwe kwa ajili yao. Kupiga wanyama kwa biashara ni kazi nyingine kabisa. Lenzi kama zile za 150-600 za Sigma na Tamron zina uzito wa karibu kilo mbili au zaidi, zinafungua f/5 hadi f/6.3 tu, kwa hiyo ukumbini usiku hazifai kitu. Hifadhi nayo inadai ada, gari na vibali vya picha za biashara. Ukitaka kwenda Saadani kwa mapenzi yako, nenda, ni pazuri, wanyama na bahari mahali pamoja. Siku hiyo kihisi chako kidogo kitakuwa rafiki: Canon 55-250, lenzi nyepesi ya EF-S, kwenye 700D inavuta kama 400 kwenye ful fremu. Ilaze juu ya mfuko wa mchele dirishani mwa gari, dereva azime injini, na uwe umefika alfajiri kabla jua halijawa kali.

Kuhusu wenzako wanaoiita kamera ya wanafunzi. 700D ilitoka 2013, ina megapikseli 18, 6D ina 20. Kwa albamu au picha ya ukutani mteja hataiona tofauti hiyo. Tena vifaa si kila kitu: mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga watu wa mji wake uani, kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Leo kazi zake zinatundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wewe una kibaraza cha mama. Saa kumi na nusu jioni, mtu akikaa kivulini akiutazama uwanja wenye mwanga, kwa 50 yako utampiga picha ambayo hao wanaokucheka wataulizia umeipigia wapi. Anzia hapo kutafuta wateja wa picha za sura. Hazihitaji ukumbi wala fleshi.

Sisemi usinunue ful fremu kamwe. Harusi zikiongezeka, kinachonitia hofu kwako ni kadi ya memori kuharibika usiku wa harusi ya mtu kuliko chenga. 6D ina nafasi ya kadi moja tu, sawa na yako. 5D Mark III ina mbili, kila picha unaweza kuiandika mara mbili. Siku ukiwa na fedha yako isiyo ya kikoba, hiyo ndiyo ya kutazamia, nawe wakati huo utakuwa na lenzi ya kuivisha. Kabla ya hapo, ukipata kazi kubwa, kodi bodi ya pili kwa siku moja kutoka kwa mwenzako na uijumlishe kwenye bei ya mteja. Pia kuna lenzi ya kati ninayoipenda sana kwa watu wa hali yako, Sigma 17-50 ya f/2.8: ni ya kihisi kidogo, inakaa f/2.8 hata ukivuta mpaka mwisho, mara nne ya mwanga wa ile uliyonayo. Ikitokea ya mtumba iliyo safi, itakufanyia mahafali yote.

Safi nasema kwa maana. Tanga ni pwani, na unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya vioo vya lenzi. Ukienda kununua, beba tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, chungulia kwa mbele ukiinamisha inamisha. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, rudisha, hata akikupunguzia nusu. Kuvu hula rangi ya kinga ya kioo na alama zake hubaki hata fundi akisafisha. Ipachike kwenye kamera yako, piga picha palepale dukani, mbali na karibu, sikiliza fokasi kama inakwaruza. Nyumbani usiiweke kwenye begi la ngozi kabatini. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, tia humo vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikichoka.

Limebaki la shangazi. Nenda kwake mchana, usimpigie simu. Mwambie wazi kwamba picha za ukumbini hazikufikia, bila kumtajia kamera wala taa. Zile zenye uso ulio wazi zigeuze kuwa nyeusi na nyeupe, chenga hupungua makali na rangi za zile taa huondoka. Zisafishe pamoja na zile za jioni, zichape, mpelekee. Halafu jitolee kumpiga bibi harusi na wazazi wake upya, bure, kwenye mwanga wa jioni, wakiwa wamevaa tena nguo zao. Salio usilidai siku hiyo. Akishaziona zote ndipo mkubaliane ni kiasi gani kinakustahili, na kiwe kiasi mtakachokiandika kwenye karatasi, kama utakavyofanya na kila mteja kuanzia sasa.