Jasho si Deni la Sahani: Chakula Baada ya Mazoezi kwa Anayepunguza Uzito

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Mnyambe, Newala na Masasi

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mtu mzima aliyepimwa na mhudumu wa afya akaambiwa uzito wake umezidi na inafaa aupunguze. Ni cha wanaopika na kula naye pia. Mara nyingi ushauri huo huja pamoja na habari za presha au kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipima Watanzania wa miaka 25 hadi 64. Katika kila watu 100, takribani 26 walikuwa na uzito uliozidi, 26 walikuwa na presha ya juu, na 9 walikuwa na kisukari.

Wengi wakipewa ushauri huo huanza kwa bidii. Wanaamka alfajiri, wanatembea mpaka kijiji cha pili na kurudi, jasho linawatoka. Wakifika nyumbani huuliza: sasa nimeutumia mwili, je, niongeze chakula?

Jibu fupi ni hili: kwa mazoezi ya saa moja au pungufu, usiongeze. Kunywa maji, subiri mlo wako wa kawaida, kula kwa kipimo chako. Kurasa zinazofuata zinaeleza sababu, na zinawataja watu ambao jibu hili haliwahusu.

Kwanza, hakikisha unahitaji kupungua

Gawanya kilo zako kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 77 anapata 30. Kuanzia 25 uzito umezidi; kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani: mwanamke akivuka sentimita 88, na mwanamume akivuka 102, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari imeshakuwa kubwa.

Usipunguze chakula kama una mimba au unanyonyesha, kama unatumia dawa za kifua kikuu, au kama nguo zimeanza kukupwaya bila wewe kukusudia. Aliyekonda bila kukusudia aende kituoni kupimwa. Watoto nao wale washibe. Habari za kupunguza uzito zisiwaguse bila ushauri wa mtaalamu.

Hesabu ya jasho na hesabu ya chakula

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula na nguvu ambayo mwili unaitumia. Tuzipange hesabu mbili pamoja.

Mama wa kilo 80 akitembea kwa haraka kwa saa nzima, hutumia takribani kalori 200 zaidi ya ambazo angetumia akiwa ameketi. Sasa tazama vinavyoingia:

- Soda moja ya mililita 350: takribani kalori 150, kutokana na sukari ya vijiko 9 hivi vya chai.
- Andazi moja la wastani: takribani 200.
- Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia: takribani 120.
- Kiganja kimoja cha korosho, gramu 30: takribani 170.
- Ugali wa gramu 100 za unga wa muhogo: takribani 350.
- Bia moja ya mililita 500: takribani 200.

Mama huyo akipita dukani akanywa soda na kula andazi moja, amepokea kalori 350 kwa kutoa 200. Safari ya saa nzima imefutwa kwa dakika tano, na nyingine zimebaki juu. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea miezi mitatu, na mizani isishuke hata kilo moja. Uvivu haumo, kilichomkwamisha ni malipo anayojipa akimaliza.

Jasho lenyewe halionyeshi mafuta yaliyotumika. Ni maji na chumvi vinavyotoka ili mwili upoe. Ukipima uzito mara tu baada ya mazoezi utakuta umepungua, na ukinywa maji utarudi ulipokuwa. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula.

Tunachojifunza kwa Wahadzabe

Mwaka 2012 jarida la kisayansi la PLoS ONE lilichapisha utafiti uliofanyika hapa Tanzania, kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Uliongozwa na Herman Pontzer wa Marekani, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wazima 30 walikunywa maji maalumu, kisha mkojo wao ukapimwa ili kujua nguvu wanayoitumia kwa siku.

Wanaume wa Kihadzabe walitembea takribani kilomita 11 kwa siku, wanawake takribani 6. Watafiti walitarajia kukuta wanatumia kalori nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Walipolinganisha kwa ukubwa wa miili, hawakuona tofauti. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi yake mengine ya ndani.

Usilichukue hilo kama ruhusa ya kuacha mazoezi. Mazoezi hushusha presha, husaidia sukari kutumika vizuri, huimarisha misuli, na humsaidia aliyepungua asirudie uzito wake. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Wanalotufundisha Wahadzabe ni kwamba nguvu iliyotumika mazoezini haiwi yote ziada ya kulipwa kwa chakula. Uzito hupunguzwa zaidi jikoni. Njiani tunajenga afya na kulinda kilichopatikana.

Jembe likiwekwa, sahani nayo ipungue

Kizazi cha bibi zetu kilishuka mabondeni kufuata maji, kikayapandisha kichwani mpaka juu ya uwanda wa Makonde, kwa kuwa mchanga wa huku juu hunywa mvua upesi na chemchemi ziko chini. Palipofika bomba la mradi wa maji wa Makonde, safari hizo zimepungua, na bodaboda imechukua safari nyingine. Ni nafuu kubwa, hasa kwa kina mama. Lakini ugali umebaki mkubwa vilevile.

Msimu nao una neno lake. Mtu wa kilo 60 anayelima kwa jembe la mkono hutumia takribani kalori 300 kwa saa. Akilima saa nne au tano kwa siku, siku hadi siku, huyo anahitaji chakula cha kutosha, na mlo wa shambani usipunguzwe. Shida huja baadaye. Palizi imekwisha, korosho zimeuzwa, fedha imeingia, na yule mkulima sasa anakaa barazani akila sahani ileile ya siku za jembe, pamoja na soda na nyama choma ya mnadani. Kilo zinaingia katika miezi hiyo. Kila kazi kubwa ya shamba inapoisha, kaya ipime upya kipimo cha ugali.

Njaa ikibana baada ya mazoezi

1. Kunywa maji glasi moja au mbili, kisha pumzika dakika 20. Huenda ni kiu.
2. Panga mazoezi yaishe karibu na mlo. Ukitembea alfajiri, mlo unaofuata ni kifungua kinywa chako. Ukitembea jioni, ni chakula cha usiku. Kwa mpango huo huhitaji kula katikati. Mwezi wa Ramadhani, tembea polepole karibu na kufuturu.
3. Mlo ukiwa mbali na njaa ni ya kweli, kula tunda: papai, chungwa, au bibo bichi wakati wa msimu. Bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Lakini likishakuwa uraka limekuwa pombe, na pombe ina kalori zake.
4. Usiende mazoezini na fedha ya soda.

Sahani yenyewe iweje

Nusu ya sahani iwe mboga: kisamvu, majani ya kunde, matembele au mlenda. Robo iwe mbaazi, kunde, choroko, samaki au yai; vyakula hivi hushibisha kwa muda mrefu na hulinda misuli isipungue pamoja na mafuta. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, au ming'oko ya kuchemsha.

Mboga ikiungwa kwa karanga au korosho zilizotwangwa, usiongeze mafuta. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko 9. Inafaa kwa siku nzima usivuke 6. Kama mnakula kwenye sinia moja, anayepunguza uzito apakuliwe pembeni, kwa kuwa kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Lengo zuri ni nusu kilo kwa wiki. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 tu na kuzishikilia, presha na sukari huanza kupata nafuu. Usijinyime mpaka kizunguzungu.

Wanaopaswa kula

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuanza mazoezi, maana sukari inaweza kushuka mno. Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa kali na kuchanganyikiwa. Hapo usisubiri mlo: mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda yenye sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Anayefanya kazi ngumu kwa saa nyingi, kama kulima, kufyatua matofali au kubeba magunia, naye ale mlo kamili.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu wakati wa mazoezi: simama, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Majirani wakisema umekonda

Watu watauliza unaumwa nini. Jibu bila haya: "Nimeshauriwa na daktari, ninapunguza presha." Mama mkwe akikuongezea tonge, mshukuru, umweleze ulichoshauriwa. Watu wa nyumbani mnaweza kumsaidia sana kwa kutomlazimisha kula.

Makubaliano ya kaya

Kaeni pamoja jioni moja mkubaliane haya matano:

1. Nani atatembea, saa ngapi, na nani atamsindikiza.
2. Bakuli gani litakuwa kipimo cha unga, na kijiko gani cha mafuta.
3. Soda ni ya sikukuu na wageni. Siku nyingine ni maji.
4. Uzito na kiuno vitapimwa siku gani, na vitaandikwa wapi.
5. Baada ya wiki nne, kama hakuna kilichopungua, anzeni kuangalia vinavyoliwa kati ya milo, kisha kipimo cha ugali na mafuta. Mkikwama, nendeni kituoni na daftari lenu. Mhudumu akiona mlichoandika, ataweza kuwaambia pa kurekebisha.