Kipaji na Ikhtiari

MJUKUU: Babu, shule imetupa fomu za kuchagua tahasusi, nami nimetatizika. Walimu wasema naweza zote, baba ataka udaktari, na moyo wangu umeelekea historia.

BABU: Mjukuu wangu, aliyejaaliwa kufaulu kila somo, kwa kuwa alama zake hazimwonyeshi njia moja, watu humchagulia; nao, kwa mapenzi yao, hudhani kipaji hakina budi kuishia katika kazi yenye taadhima kubwa.

MJUKUU: Tena kule nyumbani nilikuwa wa kwanza daima; katika shule hii ya vipaji nimekuwa wa kati, na kila nikikosea naona kama nimefedheheka.

BABU: Hilo lanishughulisha kuliko fomu, maana hukuzoea kukosea ungali mdogo. Umepata habari za Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, walipokuwa wakitengeneza aiskrimu, naye akichelea kukosa nafasi katika jokofu, alitia maziwa yake yangali moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa; na alipouliza tena katika shule ya Mkwawa, Iringa, alipata dhihaka tupu, hata kila alipokosea hesabu darasa likaiita hesabu ya Mpemba. Hakugombana na mtu. Alijaribu mwenyewe kwa maji katika maabara, na siku Dokta Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, alipowazuru, akasimama mbele ya wale wale wenye kumcheka akauliza swali lile lile. Osborne akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja.

MJUKUU: Basi akawa bingwa wa fizikia!

BABU: La hasha; wakati huo alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na katika wanyamapori ndimo alimopata kazi yake, ilhali wataalamu wangali wakibishana juu ya maji yale kwa jina lake. Wapo wasemao fizikia ilimpoteza. Mimi sioni hasara.

MJUKUU: Nimwambieje baba?

BABU: Bado usimwambie. Likizo hii kaa na tabibu wa zahanati, umtazame akiwa amechoka na foleni haijapungua, kisha nenda kwa watu wa mambo ya kale ukawaone wakichambua vigae juani. Ukirudi tutamwita, nawe utangulie kusema. Akikasirika, nitamkumbusha kwamba mimi nilimtaka awe kadhi, akenda bandarini.