Klabu ya Roboti Ikiomba Mchango, Unatuma kwa Nani?

Kama una kijana shule ya upili, huenda umeshapata ujumbe wa aina hii kwenye WhatsApp: klabu ya roboti inataka kwenda kufundisha watoto wa shule za msingi za jirani, changia chochote ulicho nacho, tuma kwa namba hii. Unataka kusaidia. Lakini hiyo namba ni ya nani?

Kwanza tuseme ni kwa nini timu ya roboti inatoka nje ya maabara. Chukua FIRST, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1989 na Dean Kamen, ambalo mashindano yake ya roboti ya shule za upili yalianza 1992. Tuzo yake ya juu kabisa, FIRST Impact Award, haipewi timu yenye roboti kali kuliko zote. Inapewa timu iliyoleta faida kwa watu wake. Majaji wanauliza mmefundisha nani, na mmesaidia nani kuanza. Kwa hivyo ule mchango wa nauli si wa kutalii. Ni sehemu ya kazi yenyewe, pamoja na chakula, betri, nyaya na zile mota za akiba ambazo hakuna mtu huzipiga picha.

Sasa pesa. Klabu nyingi huanza na namba ya simu ya mwalimu au mzazi mmoja, na mara nyingi huyo mtu ni mwaminifu kabisa. Shida ni kwamba mchango unachanganyika na pesa zake za unga na kodi ya nyumba, na akihamishwa shule, namba inaenda naye. Mtu akiuliza “tumefika ngapi?” hakuna wa kujibu bila kukisia. Ni afadhali kutumia namba ya Paybill au till iliyosajiliwa kwa jina la shule au la chama cha wazazi, na ikiwa ni Paybill, sehemu ya akaunti uandike jina la klabu. Wewe unayetuma, jina likitokea kwenye simu kabla ya kumaliza, lisome. Kama silo ulilotarajia, kata hapo hapo.

Na msiamini bango kwa sababu lina nembo ya shule. Picha ikishasambazwa kwenye magrupu matano, kubadilisha tarakimu moja ni kazi ya dakika. Piga simu shuleni kuthibitisha, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye bango.

Mweka hazina naye aweke hesabu wazi kila wiki: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Lakini asibandike orodha yenye majina kamili na namba za simu za waliochanga. Matapeli huvuna hapo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 pia inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, kwa hivyo zile picha za watoto wakishika roboti zisubiri ruhusa.

Kuna jambo moja tunalipenda sana, na tungependa klabu zilijaribu zikienda kwa jamii. Wale vijana wana roboti inayofuata mstari mweusi sakafuni. Sensa yake inapima mwanga unaorudi: sehemu nyeupe hurudisha mwingi, nyeusi kidogo, na programu inageuza magurudumu kulingana na hapo. Sasa chukueni utepe mwingine mweusi, muupitishe pembeni. Roboti inaweza kuufuata hadi ukutani bila kushtuka, maana haijui nani ameweka utepe. Simu yako ni hivyo hivyo. Haijui kama aliyeweka PIN ni wewe au ni mtu uliyemtajia. Na haijui kama unatuma kwa hiari au kuna sauti sikioni inakuelekeza.

Baada ya hapo kijana aketi na bibi mmoja, simu mkononi. “Shosho, hii SMS inasema umetumiwa elfu tatu kimakosa. Tuangalie salio kwanza?” “Angalia wewe, mjukuu.” “Hapana shosho, bonyeza mwenyewe, na hiyo PIN usiniambie hata mimi.” Kama salio halijaongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Na hata kama imeingia kweli, shosho asirudishe kwa mkono wake. Aliyekosea apige simu kwa huduma kwa wateja aombe muamala urudishwe.

Ukishatuma mchango kwa namba isiyo sahihi, tupigie mara moja. Pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala, kuirudisha ni rahisi zaidi. Usifute ile SMS ya uthibitisho, kwa sababu namba ya muamala ndiyo tutakayokuuliza kwanza.