Kifaransa bila kumwaibisha mtoto

Swali: Mwalimu mmoja wa Kifaransa, Makiso, Kisangani, anauliza afanyeje ili wanafunzi wasidharau Kilingala na Kiswahili cha nyumbani.

Jibu: Aanze na mji wenyewe. Mwaka 1954, Kisangani ikiitwa bado Stanleyville chini ya utawala wa Wabelgiji, karani wa posta Patrice Lumumba alipewa kitambulisho cha Mwafrika "aliyestaarabika". Ili kukipata, mtu alipimwa Kifaransa chake na maisha yake, hata nyumba yake ikakaguliwa. Hakuna Mbelgiji aliyepimwa hivyo! Wanafunzi waambiwe wazi: huo ulikuwa ubaguzi wa rangi, na lugha ilikuwa kipimo chake.

Sheria iko upande wa mwalimu. Katiba ya Kongo ya 2006 inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu zitumike kufundishia.

Darasani, azilinganishe lugha. Aandike ubaoni "table", "mesa" ya Kilingala na "meza" ya Kiswahili, kisha aeleze kwamba maneno hayo mawili ya mwisho yalitoka kwa Wareno. Mtoto ataona kuwa kila lugha hukopa.

Na anayejibu kwa Kilingala asiadhibiwe. Asaidiwe kulisema jibu lilelile kwa Kifaransa.